Mgeni wa Majaribio, Villa ya Pili

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Niko kwenye kitanda cha watu wanne. Peke yangu. Naandika kwa kalamu ya villa kwenye daftari la villa, karatasi nene, jalada la ngozi. Lilikuwa kando ya taa. Mgeni anaruhusiwa kuandika. Na mimi, Maundu, fundi, darasa la sita, tangu saa nane mchana ni mgeni.

Nieleze nilivyopata cheo. Miezi kumi na minne nimejenga hapa Minazi Tisa, ukitoka Kitengela uende upande wa Isinya halafu uache lami. Villa sita, kidimbwi cha kuogelea, nyumba ya spa. Mwenye mali alitaka pafanane na Pwani, akaleta minazi tisa kwa lori. Sita ililiwa na mbuzi wa majirani. Kibao cha barabarani bado kinasema tisa.

Leo Madam Wacuka, meneja, alituita stoo. Vibarua wote wameshaenda. Tulibaki wawili, mimi na Ezra wa Ewuaso Kedong. Madam akasema wageni wa kweli wanaingia Ijumaa ya wiki ijayo, naye anataka fundi mmoja tu wa kudumu. Kazi inakuja na chumba nyuma ya dobi. Madirisha mawili. Mlango wa kufungika. Ruhusa ya kuishi na familia.

Ruhusa ya kuishi na familia!

Miaka kumi na moja mke wangu Kavata yuko Mutomo, mimi niko mjengoni. Athi River, Mlolongo, Namanga, sasa hapa. Tunaonana Krismasi na matanga. Mwezi uliopita alinipigia akasema: Baba Mwende, mwaka ujao haunikuti nikiwa mke wa simu. Ama uje ama nije. Hakupandisha sauti. Kavata akikasirika huongea pole pole.

Basi Madam atachagua vipi? Wahudumu wapya wametoka chuo juzi, hawajawahi kuhudumia mtu. Wanahitaji wageni wa kujaribia. Wageni ni sisi, siku nne, kila mmoja villa yake. Kila asubuhi kabla ya saa mbili mgeni anapeleka mapokezi fomu ya makosa aliyoyaona, inagongwa muhuri wa saa. Madam akasema anataka fundi mwenye jicho. Asiye na jicho atabeba begi lake Ijumaa.

Tulipotoka Ezra aliniambia yeye hiyo kazi haitaki hata, ng'ombe wake wanamngoja nyumbani. Nikamtazama. Shemasi mzima. Ujanja wa kanisani huo.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Usingizi mbovu. Kitanda laini kama uji. Saa tisa mgongo wangu ulienda kutafuta sakafu, nami nikaufuata.

Asubuhi nikatandika kitanda kwa mazoea. Msichana wa vyumba akaja, akakuta hakuna kazi, akasimama mlangoni machozi yakimlengalenga. Alisema anapimwa leo. Nikakitandua. Nikatupa mito chini, nikamwaga maji kidogo. Akanishukuru sana.

Lakini niko na shida kubwa kuliko yake. Niiandike wazi, hili daftari halitaonwa na mtu.

Aliyenifunza kazi ni mzee Gakuru, Athi River. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: fundi anayemaliza kazi amejimaliza. Kila nyumba iachie mbegu. Kigae kimoja kiweke simiti pembeni tu, katikati pawe wazi. Skrubu ya bawaba iingie nusu. Mfereji ukaze, halafu urudishe kidogo. Miezi mitatu baadaye mbegu inaota na mwenye nyumba anakupigia. Si wizi. Ni kilimo.

Mbegu zangu zote nazijua kama watoto wangu. Villa ya Tano imejaa. Mlango wa bafu, vigae viwili vya barazani, mtaro wa maji unaorudi nyuma, dirisha la mashariki. Kama Madam angeniweka Tano ningejaza fomu mbele na nyuma, naye angesema kweli, huyu ana jicho.

Ameniweka Pili. Pili ilifanywa na Ezra kuanzia msingi. Tano amemweka Ezra!

Jana nimezunguka hii nyumba na tochi ya simu mpaka betri ikaisha. Nimegonga kila kigae kwa kijiko. Vyote vimejaa. Milango inajifunga kama ya benki. Hakuna tone linalodondoka. Mtu wa aina hii hana huruma na mafundi wenzake. Kwenye fomu niliandika neno moja tu: mto wa tatu ni mgumu.

Nikamkuta Ezra kwenye chai. Macho mekundu, suruali imelowa mpaka magotini. Nikamuuliza villa ikoje. Akasema supa, shwari, ndugu yangu, Mungu ni mwema, sina neno. Sina neno! Anaficha. Ameandika kitabu kizima kuhusu kazi yangu, najua.

Sasa nimefikiri. Shamba lisilo na mbegu hupandwa. Nimeenda stoo nikachukua spana. Inaingia vizuri kwenye mfuko wa lile joho jeupe la kuogea. Wenye kushona hilo joho walijua.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Siku ya kazi. Mambo ni mpangilio.

Shida ilikuwa saa. Fomu inatakiwa kabla ya saa mbili, na saa moja na nusu nilikuwa nimeandikiwa spa. Kupanda mbegu kunataka muda. Kwa hiyo nilianza na maandishi. Nikaandika: mfereji wa bafu unamwaga maji hadi zulia limelowa. Nikaandika: bawaba ya kabati imelegea. Nikaandika: kigae cha tatu kutoka mlangoni kinacheza. Nikapeleka mapokezi saa moja na dakika kumi. Kupanda nitapanda nikirudi. Nani atajua?

Spa. Msichana anaitwa Seleyian, wa Namanga, mikono midogo yenye nguvu ya mtu wa kukamua. Alinilaza kifudifudi, akaniuliza mzee, huu mgongo umebeba nini? Nikamwambia Kajiado yote hii unayoiona. Akasema dawa yangu ni mawe ya moto. Akaniwekea mawe saba mgongoni.

Mawe! Miaka kumi na moja nimebeba mawe kwa mgongo huu na hakuna aliyeniambia ni matibabu. Nikapeleka mkono nyuma nikachukua moja, nikaliangalia. Nikamwambia hili lina ufa, ukilichemsha mara mbili tena litapasuka. Akacheka, akasema mzee, wageni hufumba macho. Nikamuuliza na wakifumba wanaona nini. Akasema hicho ndicho wanacholipia.

Nikafumba. Akaweka mawe kando, akaanza kukanda kwa viganja. Sikumbuki mara ya mwisho mtu alinigusa mgongo bila kunisukuma nipishe njia. Sikulia. Mafuta yaliingia machoni.

Nikalala mpaka saa saba. Walinifunika shuka wakazima taa, kwa adabu.

Kwa hiyo mbegu nimepanda saa kumi jioni. Bawaba, sawa. Kigae, jasho tupu, Ezra amekibandika kama deni la serikali. Mfereji nilitaka uachie kidogo tu, lakini Ezra aliukaza sana, nikaweka nguvu, ukatoka mzima mkononi mwangu. Maji yakaruka mpaka darini. Wahudumu sita wakaja mbio na taulo. Zulia limelowa, kama nilivyoandika. Neno kwa neno! Nilisimama kwenye joho langu nikitikisa kichwa kama mgeni aliyesikitika.

Nimempigia Kavata. Nikamwambia kazi nimepata. Akasema sawa, mbuzi atamwachia shemeji, Ijumaa atafika. Nikasema ngoja kidogo, tusikimbie. Akajibu, pole pole, kwamba kungoja ameshangoja.

Basi kazi lazima ipatikane. Nimeongeza kwenye fomu ya kesho kwamba rangi ya maji haipendezi.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Madam Wacuka aliniita ofisini saa mbili na nusu. Fomu ya jana ilikuwa mkononi. Aliisoma yote kwa sauti. Akaniuliza muhuri unasema saa ngapi. Nikasema saa moja na dakika kumi asubuhi. Akaniuliza maji yalitoka saa ngapi. Nikasema nilikuwa nimelala. Akasema haki, wewe fundi ni nabii?

Nikamweleza kwamba fundi wa siku nyingi huhisi. Akauliza kesho kutatokea nini, ajipange. Nikasema mvua kidogo. Hakucheka. Hakuna aliyewahi kumwona huyu mama akicheka.

Akasema twende tuone Villa ya Tano. Moyo wangu ukatulia kidogo. Nilijua akiona jinsi Ezra alivyomchongea fundi mwenzake kwenye fomu zake, tutakuwa tumechafuka wote.

Tulimkuta Ezra amepiga magoti barazani, kisu cha siagi mkononi, anamalizia kigae. Mlango wa bafu ulikuwa unafungika. Dirisha la mashariki lilikuwa halilii. Ule mtaro wangu unaorudi nyuma alikuwa ameufumua na kuujenga upya usiku, kwa mikono na bakuli la saladi. Mbegu zangu zote. Kumi na moja! Shamba zima limeng'olewa.

Madam akatoa fomu zake tatu. Zote zilikuwa na mstari mmoja: Sina neno, asante kwa kunikaribisha. Akamuuliza kwa nini hakuandika kitu na nyumba ilikuwa inammwagikia maji mpaka magotini. Ezra akafuta kisu kwa shati. Akasema Madam, mgeni hamwambii mwenye boma kwamba nyumba yake inavuja. Anasogeza kitanda.

Madam akauliza hii villa ilifanywa na nani.

Ezra akaangalia dari. Mimi pia nikaangalia dari. Ni dari nzuri. Bado iko juu.

Akampa Ezra kazi palepale. Ezra akakataa! Akasema asante sana, lakini alishasema tangu Jumatatu, ng'ombe wanamngoja. Kumbe hakuwa na ujanja wowote. Siku nne nimeshindana na mtu aliyekuwa anarudi nyumbani.

Madam akageuka kwangu. Akasema atatafuta fundi nje, hata kama ni wa Nairobi. Mimi niondoke kesho saa nne. Nikamuuliza kuhusu leo. Akasema leo bado ni mgeni, wahudumu hawajafanya mtihani wa chakula cha jioni.

Kwa hiyo nimeletewa sahani nne, moja baada ya nyingine. Vitambaa, mishumaa. Kijana wa kuhudumu aliuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikamwambia kila kitu kiko sawa, nikamwandikia alama kumi juu ya kumi. Sikumeza hata samaki.

Nimempigia Kavata mara saba. Simu imezimwa. Ameizima kutunza chaji ya safari.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Alifika saa nne kasoro dakika tano. Nilikuwa langoni na begi langu. Yeye alikuwa na begi lake, kiondo, na sufuria kubwa iliyofungwa kifuniko kwa mpira wa tyubu.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikamwambia hoteli imefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa minazi. Akaangalia ile mitatu iliyobaki. Akaweka sufuria chini.

Baba Mwende, akasema. Pole pole. Umefutwa?

Nikasema sijaajiriwa, ni tofauti. Akaangalia barabara alikotoka. Niliona akihesabu: mbuzi wako kwa shemeji, nyumba imefungwa, ufunguo ameuacha kwa mama yangu. Nimewahi kuanguka kutoka ghorofa ya pili Mlolongo. Haikuuma hivi.

Akasema kwanza anataka kunawa uso. Mlinzi akamruhusu choo cha mapokezi. Nikamfuata kwa mbali, kwa sababu nilikumbuka mfereji wa sinki ya mle, nilioulegeza mimi. Mbegu ya mwezi wa tatu. Tayari imeota, inadondoka tu, tap, tap.

Kavata alinawa. Akaukaza. Ukaendelea. Akauangalia jinsi anavyoniangalia mimi. Akainama chini ya sinki, akafunga maji. Akafungua mpira wa sufuria yake, akakata kipande cha duara kwa kisu cha mboga, akafungua kichwa cha mfereji kwa kukishika na leso, akatia mpira, akafunga. Sijui kama dakika mbili ziliisha. Kimya. Hata mimi nilisikia jinsi palivyonyamaza.

Madam Wacuka alikuwa amesimama nyuma yangu.

Akamuuliza mama, nani amekufunza. Kavata akajifuta mikono. Akasema ni huyu. Moyo wangu ukapanda. Halafu akaendelea. Akasema Madam, kwangu kila kitu amejenga yeye, na kila kitu ameacha mdomo wazi. Mlango, tangi, paa, hata choo. Anapanda gari kurudi kazini, mimi nachukua nyundo namalizia. Miaka kumi na moja. Nilidhani ndivyo mafundi walivyo, mume anaanza, mke anamaliza.

Madam alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Msichana wa mapokezi alisimama kuangalia.

Wakaenda pamoja kuzunguka villa. Mimi nilibaki na mabegi na sufuria kwa muda wa saa tatu nzima. Seleyian alipita akaniuliza mzee, unangoja nini? Nikasema sijui bado. Akaniletea chai.

Waliporudi Kavata alikuwa na funguo kiunoni. Fundi wa kudumu ni yeye. Majaribio miezi mitatu. Chumba ni chake, nyuma ya dobi, madirisha mawili. Mimi nimeandikishwa kwenye karatasi hiyohiyo, chini, palipoandikwa familia.

Ezra alikuwa anaondoka. Akatusalimia kwa mkono sote wawili, akamwambia Kavata karibu nyumbani. Kwangu akasema tu: pumzika, ndugu yangu.

Usiku Kavata ameniambia masharti. Nitabeba ngazi. Nitashika tochi. Akiniona na spana nitalala kwa mlinzi. Halafu akaniambia nigeuke, ameambiwa na huyo msichana wa spa kwamba mgongo wangu ni kama barabara ya Namanga iliyochimbwa na malori. Akaweka mkono hapo. Viganja vyake ni vigumu kuliko vya Seleyian. Ni vizuri zaidi.

Jumapili, tarehe 16 Novemba

Wageni wa kweli wako ndani tangu Ijumaa. Villa zote zimejaa. Nimekaa wiki nzima na mke wangu. Tunakula pamoja. Anakoroma kidogo, sikujua.

Kazi inaenda vizuri sana. Na hiyo ndiyo taabu.

Kavata amemaliza kila kitu. Amezunguka Moja hadi Sita na daftari, mimi nyuma na ngazi, na mbegu zote amezing'oa, hata mbili nilizokuwa nimezisahau. Hakuna kinachodondoka. Hakuna kinacholia. Tangu jana simu ya fundi haijaita hata mara moja. Leo saa tisa alikuwa ameketi mlangoni anachambua sukuma wiki, miguu ameinyoosha. Madam Wacuka akapita. Akamwona ameketi. Akatabasamu, akapita.

Mimi hilo tabasamu nalijua. Meneja akianza kumtabasamia fundi aliyeketi, anajiuliza anamweka wa nini. Na bado ni miezi mitatu ya majaribio. Kavata hajui mambo haya. Yeye amekulia shambani, hajafunzwa na mtu kama mzee Gakuru. Anafikiri kazi ikiwa nzuri inatosha!

Nilijaribu kumweleza kwa mbali. Nikasema mama, mtu asimalize yote. Aliniangalia, akaacha kuchambua. Nikabadilisha nikaongea juu ya mvua.

Sasa ameenda ibada ya jioni Isinya na wale wa jikoni. Atarudi saa moja. Wageni wa Villa ya Nne wako kwenye chakula. Spana iko chini ya godoro, upande wangu.

Mfereji mmoja tu. Nusu mzunguko. Kesho asubuhi watampigia simu, ataenda, atatengeneza kwa dakika mbili, Madam ataona faida yake. Hatajua kamwe ni nani aliyemwokolea kazi, na mimi sitamwambia. Mume si lazima ashukuriwe kwa kila kitu.